Tundu Kwenye Mkuyu wa Greyville

Mke wangu ananiona mtu bora kuliko nilivyo, na sababu yake ni ndege. Angekuwa mtu mwingine ananisifu hivyo ningecheka nikaendelea na mambo yangu. Lakini sifa hii imetoka kwake, na chanzo chake ni maneno yangu mwenyewe, niliyoyasema nimesimama mbele ya mlango wake. Yeye ndiye anayesoma kila ninachoandika kabla ya mtu mwingine yeyote. Hili nalo atalisoma, na ndiyo maana nimelianza mara tatu na mara tatu nikaliacha nikaenda kuchemsha chai.

Wakati huo hakuwa mke wangu. Alikuwa mke wa rafiki yangu, na rafiki yangu alikuwa ametoka kuzikwa.

Ilikuwa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tuliishi jengo moja la ghorofa Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, wao ghorofa ya tatu, mimi ya pili. Rafiki yangu alikuwa na meza soko la Warwick, akiuza mikanda na miavuli. Mimi nilikuwa mkata miti. Agosti aliugua kifua, akaenda hospitali kwa miguu yake, na wiki tatu baadaye tukambeba. Mkewe akaingia eda hukohuko Greyville, miezi minne na siku kumi, katika nyumba aliyoishi na mumewe, hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Watanzania wa mjini walikuwa wachache lakini kwa jambo kama hilo tulikuwa ndugu. Wanawake walipanga zamu ya kupika na zamu ya kulala naye. Tatizo lilikuwa kukifikisha chakula, maana wote walishinda sokoni mpaka jioni, na lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa kabla hata sijahamia. Wakanipa kazi hiyo mimi. Nikitoka kazini nilipita Warwick, nikachukua hotipoti kwa mama mmoja wa Tanga, nikapanda nayo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Naweka hotipoti mlangoni, nabisha, nasogea mpaka kwenye ngazi. Yeye anafungua mlango kiasi, mnyororo bado umefungwa, anaona kuwa ni mimi, anafungua, anachukua, anafunga tena. Wiki za kwanza nilisikia "Asante, shemeji" tu, kwa sauti ya mtu aliyelia mchana kutwa. Nami nasema "Haya, shemeji," nateremka.

Oktoba akaanza kuniambia habari za ndege.

Nyuma ya jengo kulikuwa na mkuyu mkubwa, mzee, umeegemea upande wetu, na mizizi yake ilikuwa imeinua saruji ya uani kama mtu anayeinua blanketi kwa goti. Kwenye tawi lake kubwa, usawa wa dirisha la jikoni la mjane, palikuwa na tundu. Mimi kutoka ghorofa ya pili nililiona shina tu. Jioni moja alipochukua chakula hakufunga mlango mara moja. Alisimama nyuma yake akasema, "Shemeji, kwenye mkuyu kuna hondohondo. Jike ameingia tundu leo siku ya tatu, na wanaziba."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akanijibu kuwa amekulia Muheza, hondohondo kwao ni kama kunguru hapa.

Kwa asiyemjua: hondohondo ni ndege mweusi mwenye tumbo jeupe na mdomo mkubwa mwekundu, uliopinda, unaofanana na kitu alichoazima. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, halafu mlango unazibwa kwa udongo na kinyesi mpaka unabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo ndani hutaga, huatamia, na hunyonyoka manyoya ya mabawa, kwa hiyo hata ukimfungulia hawezi kuruka. Dume ndiye anayemlisha kupitia ule ufa, yeye na vifaranga, karibu miezi miwili. Dume akipotea, basi.

"Mwenzangu naye yuko eda," alisema mjane nyuma ya mlango. "Ila yeye mume anamletea."

Nilikuwa sijamsikia akitania tangu msiba. Nikacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, na nikateremka nimefurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Tangu siku hiyo kila jioni nilipata taarifa. Dume ameleta tini saba. Dume ameleta panzi, jike amemkataa, dume amemla mwenyewe. Jike anatupa uchafu nje kupitia ufa, tena kwa nguvu, nyumba yake safi kuliko korido yetu. Siku za mvua mjane alikuwa na wasiwasi kwa sababu dume alichelewa. Sauti yake ilirudi kidogo kidogo kupitia ndege yule. Na mimi nilianza kunawa uso kabla ya kupanda ngazi, jambo ambalo sikumwambia mtu, maana mwanamke yuko eda na mumewe alikuwa rafiki yangu.

Sasa lazima nieleze habari ya kazini, la sivyo hakuna kitakachoeleweka.

Nilipata ile kazi kwa kusema kwamba mimi ni mtu wa msituni, na huo haukuwa uongo. Nyumbani milimani nilipasua mbao miaka minne, kwa msumeno wa kuvuta, mmoja juu ya jukwaa na mwenzake chini anakula vumbi. Genge letu lilikuwa na desturi moja. Kabla ya kuangusha mti, kiongozi wa genge alibisha hodi. Alipiga shina mara tatu kwa kisogo cha shoka, akaweka sikio, akasikiliza. Mti wenye uwazi ndani hauna mbao, hilo moja. Lakini pia kama kuna kiumbe kimejibu, tuliuacha mpaka watoto watoke. Hakuna aliyetueleza sababu, na hakuna aliyeuliza. Ndivyo kazi ilivyofanywa.

Durban nilikuja na desturi yangu. Wenzangu wa kazi walikuwa saba, mmoja Mkongo, mgeni kama mimi, wengine Wazulu, na nyapara wetu alikuwa Mzulu mnene, mkarimu, mwenye mdomo usiolala. Wiki ya pili walinipeleka mtaa wa Berea, kwenye ua wa nyumba moja ya zamani, kukata mti uliokauka. Nikaenda kwenye shina, nikabisha kwa kisogo cha panga, nikaweka sikio. Kitu kikajibu. Nikabisha tena, kikajibu tena, kama kitu kinachotambaa. Nikasema hapana, humu kuna nyumba ya ndege, hatukati. Nilisema kwa ukali, kwa sababu mimi nikishasema jambo la kazi yangu huwa sipendi kuulizwa mara mbili. Nyapara akampigia simu bosi. Bosi akaja. Mwenye nyumba akatoka na miwani yake. Ngazi ikaletwa, tochi ikaletwa, waya ukapindwa ndoano. Saa mbili nzima watu wazima kumi walisimama chini ya ule mti. Kilichotolewa mwishoni kilikuwa mpira wa gofu. Pengine tumbili aliuokota akautumbukiza humo. Nilipobisha ulikuwa unaviringika.

Nyapara alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Tangu siku hiyo nikawa Dokta. Kila mti tuliofika, aliita, "Dokta, njoo umpime mgonjwa." Nikipanda juu, "Dokta, ana homa?" Watu wanacheka, mimi nacheka nao. Mimi sina ngozi ya utani. Nikitaniwa nacheka, halafu utani ule nalala nao siku tatu. Niliacha kubisha hodi. Panga langu lilibaki na kazi ya kukata.

Mwanzoni mwa Desemba karatasi ilibandikwa mlangoni pa jengo letu. Mwenye jengo alikuwa anaondoa mkuyu kwa sababu ya mizizi na mabomba, wapangaji waondoe nguo uani siku ya Ijumaa. Chini palikuwa na jina la kampuni yetu.

Jioni ile mjane alifungua mlango kabla sijabisha. Mnyororo ulikuwa umefungwa, na kupitia mwanya niliona nguo yake nyeupe na vidole vyake vimeshika ubao wa mlango.

"Shemeji, msichana aliyelala kwangu ameiona karatasi mlangoni, ameniambia. Si ndio nyinyi?"

"Ndio sisi."

"Wale watoto wameshaanguliwa. Nawasikia. Mama yao manyoya yameanza kuota, kwa hesabu yangu amebakiza wiki mbili, labda pungufu." Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi. "Waambie wangoje wiki mbili tu. Wewe watakusikiliza, wewe ni mtu wa miti."

Nikamwambia, "Usiwe na shaka, shemeji. Nitawaambia."

"Kweli?"

"Nitawaambia."

Nilikuwa na siku mbili za kusema. Jumatano sikusema kwa sababu nyapara alikuwa na hasira ya chenso, msumeno wa mashine, iliyokataa kuwaka. Alhamisi sikusema kwa sababu alikuwa na furaha, na akiwa na furaha ndipo anapotania zaidi. Nilipanga maneno kichwani kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikayasikia anavyoyarudia kwa sauti ya kuigiza mbele ya wote, nikayameza. Najua jinsi hili linavyosikika. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Sikuogopa polisi wala karatasi zangu. Bosi alikuwa mtu wa kusikia. Siku ya mpira wa gofu hakunigombeza, alisema tu afadhali kukagua. Niliogopa kuchekwa. Ningependa kuwa na sababu kubwa kuliko hiyo, na miaka yote hii nimeitafuta, sijaipata.

Ijumaa tukafika saa moja asubuhi, mimi nikitokea ghorofani, wao kwenye lori. Joto lilikuwa limeshapanda, na juu ya fulana tulilazimika kuvaa koti la kazi la bluu, zito, kwa ajili ya miiba na makapi. Mkuyu ule ulikuwa wa kupunguzwa kutoka juu, tawi baada ya tawi, kwa kamba. Mpandaji nilikuwa mimi. Nilipofika usawa wa ghorofa ya tatu niliona pazia la jikoni likiwa wazi na yeye amesimama kando, pembeni ya dirisha, kama wanavyosimama wanawake wa kwetu wanaotaka kuona bila kuonekana. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Nikaliona tundu. Ufa ulikuwa wa wima, mrefu kama kidole, na udongo pembeni yake umekauka mgumu kama saruji. Dume hakuwepo. Nikasogeza uso. Harufu ilikuwa kali, ya banda la kuku. Ndani nikaona jicho la manjano likinitazama, halafu ncha ya mdomo mwekundu ikajitokeza, ikafunguka, kwa sababu ndege yule alizoea kwamba kinachofika kwenye ufa kinakuja na chakula.

Kutoka chini nyapara akaita kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, "Dokta! Mgonjwa anasemaje? Iko mpira?"

Wote wakacheka. Mkongo naye alicheka, si kwa ubaya.

Nikasema, "Hakuna kitu."

"Sharp," akasema nyapara. "Kata."

Nikafunga kamba mara mbili kwenye lile tawi, nikaivuta kuhakikisha, kwa uangalifu kuliko siku zote. Nilijiambia kuwa nikilikata likiwa zima na kulishusha polepole, nitapata nafasi chini ya kufanya jambo. Jambo gani, sikujiambia. Nililikata upande wa nyuma ya tundu na mbele yake, likabaki gogo la urefu wa mtu, nene kama pipa. Walilishusha vizuri. Lilitua uani karibu bila kishindo, na mimi nikateremka kwa kamba haraka mpaka nikaunguza viganja.

Udongo wa mlango ulikuwa umepasuka lakini haukuanguka. Ule mdomo mwekundu ulikuwa nje sasa, nusu yake, unapiga kingo za ufa. Ndani vifaranga walilia kwa sauti nyembamba. Mkongo alikuwa upande wa pili wa gogo anafungua kamba, hajaona bado. Nyapara alikuwa anakuja na mkebe wake wa maji, anatabasamu, ana neno tayari mdomoni.

Kama angeona, ingekuwa wazi kwamba nilitazama ndani ya tundu na nikasema hakuna kitu. Nisingekuwa Dokta tena, ningekuwa kitu kibaya zaidi. Nikavua koti langu, nikalitupa juu ya tundu, nikalibana chini kwa mikono miwili kama mtu anayelikung'uta vumbi. Nikausikia mdomo ukigonga kitambaa kwenye kiganja changu. Nyapara akasimama, akanywa maji, akasema joto leo litatuua, akaniuliza kama nimechoka. Nikasema kidogo. Akaniambia nipumzike, nimefanya kazi safi, kisha akaenda zake. Sikuwahi kusifiwa hivyo na yule mtu, na nilikuwa nimeinamia gogo nimeshika koti.

Tukaliviringisha kwenye mbao mpaka ndani ya lori, koti likiwa limefungwa juu yake kwa kipande cha kamba. Nililifunga mimi. Tuliobebwa nyuma pamoja na magogo tulikuwa wawili, mimi na Mkongo, na njia ya kwenda dampo ilikuwa ndefu, yenye robot, taa za barabarani, kila hatua. Lori liliposimama kwenye taa nyekundu ilisikika kugonga. Ko, ko. Kisha kimya, kisha ko, ko, ko.

Mkongo akanitazama. "Grand," akasema, ndivyo alivyoita kaka mkubwa, "iko kitu mule ndani."

"Ni magogo yanagongana."

"Lori imesimama déjà," akasema.

Yeye alitazama koti, akatazama mikono yangu, halafu akageuza uso upande wa barabara na hakuugeuza tena mpaka tulipofika. Mtu yule alikuwa na mdomo mzuri wa hadithi, na tangu siku hiyo aliongea na mimi mambo ya kazi tu. Mwaka uliofuata alihamia Cape Town bila kuniaga.

Dampo lilikuwa na mteremko wa kutupia. Tulisukuma magogo moja moja. Lile moja liliviringika mara tatu, likatua tundu chini, koti langu limebaki chini yake. Nyapara alikuwa ndani ya gari na dereva, vioo vimefungwa, wanasikiliza mpira redioni. Hakuna aliyekuwa ananiangalia ila Mkongo. Ningeweza kuteremka hatua kumi na tano na kuligeuza. Nilisimama pale juu nikahesabu hizo hatua, nikapanda kwenye lori.

Jioni nilikwenda Warwick kama kawaida, nikachukua hotipoti, nikapanda ngazi. Nilinawa uso. Niliweka chakula mlangoni, nikabisha, nikasogea. Mlango ulifunguka, mnyororo ukatolewa, hotipoti ikaingia. Nilitumaini atafunga. Hakufunga.

"Uliwaambia?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nimesimama mahali pengi maishani ambapo ukweli ulikuwa mgumu. Pale ulikuwa mwepesi tu, wa silabi tatu.

"Niliwaambia," nikasema. "Hawakutaka kusikia."

Akalia. Alilia kwa sauti ndogo, nyuma ya mlango, na katikati ya kulia akasema Mungu atanilipa, kwamba mimi sina kosa, mtu mgeni kwenye nchi ya watu atafanya nini zaidi. Alinifariji. Mjane wa rafiki yangu, ndani ya eda yake, alinifariji mimi, na mimi nikasema "Amina, shemeji."

Dume alirudi. Hili sikulipanga. Kesho yake jioni mjane aliniambia kwamba ndege amekuja na tini mdomoni, akazunguka hewani pale tawi lilipokuwa, akatua kwenye bomba la mvua, akakaa na tini yake. Siku iliyofuata alikuja mara nne. Siku ya tatu alijaribu kushika ukuta wa jengo, akateleza. Kila jioni nilisimama kwenye ngazi nikapokea taarifa hizo kwa urefu wake, na nisingeweza kumwambia anyamaze, kwa kuwa machoni pake nilikuwa mtu aliyemtetea ndege na anayehuzunika pamoja naye. Zilikuwa siku tisa. Ya kumi akasema, "Leo hakuja," na tangu hapo hatukuzungumza tena habari za ndege mpaka eda ilipokwisha Januari.

Lakini alizungumza na wengine. Aliwaambia wanawake wa zamu, nao wakawaambia waume zao. Nikaanza kuamkiwa kwa heshima ambayo sikuizoea. Nilipotuma watu kumposa, mwaka mzima ukiwa umepita, yule mama wa Tanga aliombwa ushauri. Nilisimuliwa baadaye alivyojibu: mwanamume aliyegombana na wakubwa wake kwa ajili ya ndege, mke atamtupa? Wakacheka, wakakubali. Mke wangu anasema alikuwa ameshakubali kabla hajaulizwa, tangu ile Ijumaa.

Nimekuwa mume wa kawaida. Ninagomba, ninanunia chakula kikichelewa, nina kisirani asubuhi. Yote hayo ananisamehe upesi mno. Nikiwa na kosa huwa naona anavyotafuta moyoni mwake jambo la kujipunguzia hasira, na najua analipata wapi.

Tuko Durban bado, siku hizi Berea. Idi ya mwaka juzi tulikuwa na wageni, sahani ziko chini, na binti yetu wa mwisho, ambaye ana umri wa kuuliza, alitaka kujua baba na mama walikutanaje. Mke wangu akasimulia. Nilijua kila neno, nilikuwa nimeshajiandaa kutazama mkeka mpaka amalize. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yangu. Alisema siku ile alikuwa dirishani. Hakusikia tulichozungumza na yule nyapara kwa ajili ya kioo na mashine, lakini baada ya tawi kushushwa alimwona baba akivua koti lake, na jua lile, akamfunika ndege, akaweka mikono juu yake na kuinamisha kichwa, kama anavyofunikwa maiti wa Kiislamu. Akalifunga kwa kamba asifunuke njiani. Na hakurudi na lile koti, kwa hiyo alijua kwamba amemzika nalo. Alisema ndipo alipojua kuwa huyu ni mtu.

Wageni wakasema mashaallah. Mmoja akanishika bega.

Binti yetu alikuwa ananitazama. Akauliza, "Baba, ulipomfunika alikuwa ameshakufa?"

Mke wangu naye akageuka kunisikiliza, kwa sababu hilo hakuwahi kuniuliza.

Nikasema ndiyo, alikuwa ameshakufa. Mke wangu akanyoosha mkono kwenye sinia, akachagua kipande kizuri cha nyama, akakiweka mbele yangu. Nikakila.